Mume Wangu Amesusa, Analala Garini

Ndugu Mshauri,

Baada ya salamu naomba uniazime sikio, maana hapa Vuga masikio yote yaliyopo yameshajaa habari yangu na hakuna hata moja linalonisikiliza kwa nia ya kunisaidia. Mimi ni mwanamke mwenye mume na mwenye gari, gari lenyewe ni Moris kuukuu nililorithi kwa baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mume wangu ndiye anayeliendesha kwa kukodiwa, mchana kutwa yumo barabarani na sote wawili tunakula kwa gari hilo, sina lawama, ni mchapakazi na si mnyimivu. Yaliyotokea ni kwamba Ijumaa moja baada ya sala alikuja na ndugu yake, shemegi yangu Makungu, pamoja na wageni wawili wa shamba, nikawapikia, nikawaandalia, na ninapoingia na sinia la pili nikamsikia mume wangu anasema, "Gari lipo, Makungu, lichukue wiki nzima ya arusi yako, ulipambe utakavyo," nami bila kufikiri, wallahi bila kufikiri, nikasema, "Na mwenye gari ameshaulizwa?"

Mume wangu akanawa mikono naye hajashiba, akasema kwa upole, na upole wake ndio ninaouogopa, "Kweli. Mali ya mtu yataka mlinzi," akaingia chumbani akachukua mto, akateremka ngazi, na tangu siku hiyo analala garini, kando ya barabara, chini ya dirisha letu.

Nilidhani ni hasira za siku moja zitapoa zenyewe, lakini kesho yake akaja kuchukua chandarua, keshokutwa akaja kuchukua koti na kioo cha kunyolea, na muuza kahawa ambaye zamani alikuwa akipita akienda zake sasa anatua hapo hapo, na wenzake wameleta dhumna wanaipiga juu ya boneti, ndiyo baraza yao siku hizi, na mimi chakula nampelekea mwenyewe kwa sababu sitaki isemwe mume wangu anakula mkahawani, nakiweka juu ya boneti chini ya kawa, hatusemezani, na akimaliza huziacha sahani kizingitini, na chini ya sahani moja huwa ameweka fedha ya sokoni kama kawaida yake. Jirani yangu Biasha amekuja kunipongeza. "Shoga," ananiambia, "wenzako wanahangaika na nyumba ndogo, wewe umejaaliwa chumba cha ziada, tena kina magurudumu."

Nikamtuma Makungu akamuulize kakake anataka nini, akaniletea jibu kwamba hatorudi mpaka wazee wetu waje kumtaka, kama anavyotakwa mwanamke aliyesusa akarudi kwao. Ndugu Mshauri, ninalolijua mimi ni kwamba mwanamke akikosewa huchukua kanga zake akenda kwa wazazi wake, mume akafuata na wazee, akakemewa kidogo, akapewa mkewe wakaondoka. Lakini mume kufuatwa, na afuatwe garini, wazee wangu wasimame barabarani wamuombe radhi kwa kupitia kioo, hilo sijapata kulisikia, na baba mdogo nilipomgusia alicheka mpaka akakohoa.

Na juu ya hayo Baraza la Mji nalo limeingia. Juzi alfajiri, watu wanatoka msikitini, alipita Ndugu Pandu wa Baraza akagonga kioo, nami niko dirishani nasikia yote.

"Ndugu, hapa gari hulala, mtu halali."

"Nani kalala?"

"Wewe. Una alama ya mto shavuni."

"Nimekaa. Kukaa nako kumekatazwa?"

"Na chandarua?"

"Mbu wa hapa hawajaisoma kanuni, yakhe."

"Gari la nani hili?"

Na hapo mtu aliyehama nyumba kwa kuambiwa gari si lake, mbele ya jamaa wote wa msikiti, akajibu kwa sauti ya kusikilizana, "La mke wangu. Muulize yeye."

Basi onyo limekuja kwa jina langu: kuanzia Ijumaa hii mtu akikutwa amelala humo, gari litavutwa mpaka uwanja wa Baraza na mimi niitwe mahakamani, na mume anasema wakilivuta watalivuta naye yumo ndani. Nikimfuata na wazee nitachekwa mpaka naingia kaburini, nisipomfuata gari linakwenda, riziki inakwenda, na mume anakwenda nayo. Nifanye nini? Tafadhali usilitaje jina lake.

Mimi Mwenye Gari,
Vuga

JIBU

Bi Mwenye Gari,

Jina la mumeo sikulitaja. Nimemwita Borafya, na Vuga nzima itajitahidi kutomjua.

Kabla ya kukujibu nilikwenda kuuliza, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote gazetini na siijui nyengine. Nilianza na Baraza la Mji. Kanuni waliyonionyesha ni fupi. Gari laweza kukesha kando ya barabara mradi lisizibe njia wala mtaro. Mtu haruhusiwi kuligeuza malazi, wala kupikia humo, wala kuanikia nguo zake. Anayeshitakiwa ni mwenye gari, si mwenye mto. Nilimuuliza Ndugu Pandu kama kanuni ina msamaha wowote kwa mume aliyenuna. Alifikiri kwa dhati, akasema haina.

Kisha nilikwenda garini. Ilikuwa jioni, na Borafya hanijui, kwa hivyo nilipewa kahawa na pahala pa kuegemea. Ni makazi mazuri. Shuka imekunjwa, kioo kimetundikwa, hewa inaingia pande zote mbili. Ukaja wewe mwenyewe na kawa, ukaondoka bila kusema neno. Chini ya kawa mlikuwa na wali wa nazi, samaki changu wa kupaka na embe mbichi ya pilipili. Nimeripoti safari nyingi za wakubwa, na wengi wao hawakulishwa hivyo. Halafu unaniuliza kwa nini mtu huyu harudi ndani.

"Utapanda juu lini?" nilimuuliza.

"Wazee wao wakija."

"Wasipokuja?"

"Nipo. Hapa pana upepo."

"Na hiyo shingo je?" Maana kila akitaka kumtazama mtu alikuwa anageuka mwili mzima.

"Shingo ni yangu," akasema. "Hiyo haina mwenyewe mwengine."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Lishike hilo, Bibi, kwani ndilo pekee la maana nililolisikia pale.

Nikamuuliza mara ya mwisho: "Na mama yako kule Makunduchi, ana habari?"

Akakiweka kikombe. Aliyekuwa na zamu ya dhumna akasahau zamu yake. "Bi Time asijue, huyo," akanong'ona mmoja wao. Borafya akasema mtu mzima hasumbuliwi kwa mambo madogo, akaniuliza natoka mtaa gani, na tukazungumza habari za mvua.

Sasa nikwambie wewe kwanza. Gari ni lako. Ni lako kwa urithi, ni lako kwa sheria, na hapatatokea kadhi wa kukupinga. Lakini siku ile hukuwa ukidai gari. Ulikuwa unamvua mtu kanzu mbele ya mdogo wake na wageni wa kwao. Swali lile lile ungelimuuliza chumbani, angelisema ameteleza, na Makungu angelitafuta gari pengine. Wewe ulichagua sinia. Usinambie hukufikiri, maneno manne yaliyopangika vizuri hivyo huwa yamefikiriwa muda mrefu.

Na Borafya: ameona haya kuwa dereva wa mkewe, akajipandisha cheo kuwa mlinzi wa mkewe, bila mshahara, bila likizo, na kwa shingo moja. Siku ya sinia alikasirika kusikia gari ni la nani. Siku ya onyo alilikumbuka bila ya kukumbushwa. Kumwachia mkewe mashitaka na yeye kubakia na upepo si kususa. Hata hivyo, mtu anayekuwekea fedha ya sokoni chini ya sahani hajakuacha. Amekosa mlango wa kurudia, na fahari haimruhusu kuutafuta.

Wazee wenu usiwapeleke. Ukimtaka kwa wazee safari hii, kila utakapozidisha chumvi atahamia barabarani kungojea ujumbe. Chakula kikome leo. Anazo fedha za mkahawani, na watu waseme watakalo. Gazeti hili linatoka Jumatano. Kesho Alkhamisi ufunge nyumba, ufunguo umwachie Biasha, wende Makunduchi kwa mkweo. Kususa ni haki yako, na sijapata kuona palipoandikwa kwamba mwanamke lazima asusie kwa mamake mzazi.

Ukifika mweleze Bi Time yote, na uanzie kwenye sinia, asije akalisikia kwa Makungu. Mumeo atakufuata kabla Ijumaa haijaingia, kama waume wote wanavyofuata, na kemeo atalipata kwa aliyemzaa. Nawe mbele yake, na mbele ya Makungu, useme: "Nilikosea kukusemea vile mbele ya watu." Uishie hapo. Usitie "lakini". Neno lililosemwa mbele ya watu halifutiki chumbani. La gari la arusi kubalianeni nyinyi wawili, mlango umefungwa, kisha jawabu alitoe yeye kwa ndugu yake.

Najua gazeti hili husomwa juu ya boneti ile ile. Na asome. Kujua mapema kwamba mama atapata habari hakujamsaidia mtoto yeyote, hata mwenye ndevu.

Gari la kwanza la Makunduchi huondoka Darajani asubuhi, kabla yeye hajaanza kazi. Usipite vichochoroni. Pita barabarani, upande alioko, na kifurushi mkononi. Akikuuliza unakwenda wapi, mjibu ukweli: "Kwa mama yako." Kisha endelea na safari yako, lakini wende polepole. Mtu anayelala garini huchukua muda kuviona viatu vyake.