Kwa Nini Tunakosa Hesabu

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeteuliwa! Mtafiti wa chuo kikuu, Dakta Whitlow, anataka kujua kwa nini sisi wanafunzi Weusi tunafaulu au tunafeli. Kila Jumanne na Alhamisi, kipindi cha pili, tutakaa naye maktaba tuzungumze. Piza ipo. Ila kipindi cha pili ni hesabu ya juu, na darasa zima Weusi ni mimi na Lamar tu. Lamar kasema, "Dada, sayansi inatuhitaji." Mjinga yule! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Alhamisi, 16 Oktoba
Piza ya uyoga. Dakta anaongea polepole, utadhani tuko msibani. Kaniuliza, baba yupo? Nikamwambia yupo, anatengeneza lifti za jiji letu zima la Cleveland, na kila jioni ananikaba na maswali ya hesabu. Dakta kama kasikitika kidogo. Hakuandika kitu.
Darasani wameanza mada mpya. Hata jina lake silijui.

Jumapili, 19 Oktoba
Mwezi ujao ni Jumapili ya Ripoti. Mtoto anasimama mbele ya kanisa zima, anasoma maksi zake kwa sauti, kina mama wanaitikia "Amina!" Bibi kashanunua kofia. Ya zambarau, ina manyoya! "Nitakaa mbele kabisa, mjukuu wangu. Wa nyuma watanikoma!"
Maskini bibi yangu. Naogopa, jamani. Kila nikifungua kitabu cha hesabu nakuta kitu kipya nisichokijua.

Ijumaa, 24 Oktoba
Mwalimu Kessler wa hesabu kaniita. Jumanne mtihani. Nikipata chini ya B nashushwa hesabu ya kawaida. Nikamkumbusha kuhusu utafiti. Akasema nimalizane na Dakta mwenyewe, mambo hayo nyeti yeye hayaingilii. Haya, nikamfuata Dakta. Kaahidi: dakika kumi tu, halafu nikimbilie mtihani. Afadhali!
Nimesoma na baba mpaka kalala juu ya kitabu.

Jumanne, 28 Oktoba
Naandika hapa hapa maktaba, daftari nimelificha mapajani. Dakika kumi zilishapita kitambo. Dakta leo ana furaha, uso mwekundu. Kagundua jambo kubwa! Eti wanafunzi Weusi wa shule hii tunakosa mno vipindi vya hesabu. Hasa Jumanne na Alhamisi.
Lamar kaiangalia piza. Kaniangalia mimi. Kaiangalia tena piza.
Nikasimama. "Samahani, Dakta, mtihani umeshaanza. Naomba niende."
Akanishika bega, akanikalisha kwa upole. Eti ndiyo kwanza tunafika pazuri. Akaenda kufunga mlango, kelele za nje zisiingie, akawasha kinasa sauti.
"Haya, Tyanna, tuanze na wewe. Usiogope, sema ukweli. Nini hasa kinakuzuia kuingia darasani?"
Lamar anauma midomo asicheke. Mimi naandika tu, maana nikifungua mdomo nitalia au nitatukana.
Dakta kaegemea mlango, anasubiri jibu.