Bado Rangi Tu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi mkono? Mama aliniambia ukinyanyua sufuria kubwa bado unakuuma, na kwamba hutaki kusaidiwa. Na wapwa zangu je, yule mdogo ameshaota meno ya mbele au bado anacheka kizee? Shemeji naye mgongo wake unaendeleaje? Sisi huku ni wazima, ila tumechoka. Mimi nimechoka mpaka nywele. Nimenawa mikono mara tatu kabla ya kushika kalamu, na bado utaona alama ya kidole cheusi pembeni ya karatasi. Nivumilie.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba umepata kazi mpya, na kwamba Jumamosi utatuma gari la kuvuta lije lichukue gari lako hivyo hivyo lilivyo, hata kama halina milango. Hongera sana kwa kazi, nimefurahi kweli kweli. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu najijua, nitasema tena "bado rangi tu", maneno yale yale ninayokuambia mwezi wa kumi na nne sasa.

Nianze na hali ya gereji, usije ukadhani nilikuwa nimelala. Kushoto tunaweka magari ya oda. Huko mtu analeta gari zima, halina hata mkwaruzo, anataka tulikate na kuliunda upya liwe kitu kingine. Kulia tunaweka magari ya ajali. Mwenye oda huja na picha mkononi, anashinda kwenye kiti cha plastiki akitutazama, na kila wiki ana wazo jipya. Kuna mwenye hoteli mmoja ana pikapu yake hapa tangu mwaka juzi. Alitaka taa nne mbele, tukatoboa. Akarudi akasema mkewe ameona inafanana na buibui, tukaziba. Sasa anataka sita. Mwenye ajali yeye hataki kipya chochote, anataka gari lake lilivyokuwa jana, na analitaka leo.

Mimi ndiye niko katikati yao. Nikishika nyundo upande huu naitwa upande ule, nikianza kuchomelea huku, kule wananiuliza puti ya kuzibia mabonde imekauka au vipi. Jioni natoka na vumbi la msasa masikioni na sijamaliza hata kimoja. Wateja wameniita Bwana Kesho, na jina limenikaa, hata mke wangu ananiita hivyo nikimwahidi kutengeneza mlango wa jikoni. Mwenzangu, yule mpaka rangi, hucheka mpaka anakohoa.

Halafu hawa wa ajali wana jambo lao. Kila mmoja huja na hadithi, na karibu kila hadithi ina mbwa. Ukiwasikiliza utadhani mbwa wa mji huu wamepangiwa zamu za kuvuka barabara. Mimi sibishani na mtu. Namsikiliza, nampa pole, anaenda zake. Lakini miaka kumi na tisa nimeshika bati, na bati lenyewe linanieleza lilivyogongwa. Aliyekwepa kitu hugonga kwa pembeni, taa moja inapona. Aliyekanyaga breki ghafla, pua ya gari huinama, na boneti hukunjika kuanzia juu. Mkanda nao, mtu akiwa ameufunga, ajali huuacha umevutika, na nyuzi zake huchubuka hapa begani. Hayo huwa sisemi. Nanyoosha tu, tunapaka rangi, basi.

Wewe pia uliniambia mbwa, dada.

Gari lako nilimaliza ndani ya miezi mitatu. Rangi imekauka zamani, na mpaka rangi alilifanya vizuri kuliko hata la mwenye hoteli. Liko nyuma kabisa, chini ya turubai. Kila Jumamosi naliwasha ili betri isife, nakaa ndani kidogo, kisha nalifunika tena. Yote niliyokulalamikia kuhusu kazi ni kweli, lakini hayakuwa sababu. Nilikudanganya, na naomba radhi.

Siku walipolileta, nililizunguka mara mbili. Ule ukuta wa ghala uliugonga katikati kabisa, taa zote mbili zimevunjika sawasawa. Pua haikuinama. Nikafungua mlango nikauvuta mkanda wako, ulikuwa mpya kama siku gari lilipotoka dukani. Wewe, unayefunga mkanda hata kusogeza gari uani, uliyekuwa ukinipiga kofi nisipofunga. Nikasema labda ulisinzia, na wallahi nilitamani iwe hivyo. Lakini usukani ulikuwa umepinda sehemu mbili, mahali pa mikono miwili iliyokaza. Mtu aliyelala hashiki usukani hivyo. Nilikaa chini kwenye sakafu ya gereji nikalia, hata yule mpaka rangi akaniuliza nani amekufa.

Huenda nimekosea. Naomba niwe nimekosea.

Lakini kuna jambo ambalo sikukosea, nalo ndilo linalonichosha kuliko nyundo. Wiki ile ulinipigia simu mara tatu. Ya mwisho ilikuwa asubuhi ya siku ile ile. Nilikuwa chini ya pikapu ya mwenye hoteli, nikakuambia nikimaliza hii nitakupigia. Hukubisha. Ulisema haya, ukakata. Nilimaliza jioni, nikaona nimechoka, nikasema kesho. Saa hiyo ulikuwa hospitali tayari na mimi sijui. Hujawahi kuitaja simu ile, na mimi nimekaa kimya hivyo hivyo.

Basi nikaogopa kukupa ufunguo. Nikajiambia maadamu gari liko chini ya turubai, wewe uko salama. Nilipomweleza mpaka rangi, aliniambia nimelifungia gari ndani na mtu mwenyewe nimemwacha nje. Nilimkasirikia siku mbili. Siku ya tatu ukaja ujumbe wako wa kazi mpya.

Kwa hiyo usitume gari la kuvuta. Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuletea gari lako mwenyewe. Mwenye hoteli nimeshamwambia sitakuwepo, amenuna, anune. Simu nitaiacha gereji. Ufunguo nitakupa mkononi, kisha nitakaa kiti cha pembeni, utaendesha unakotaka, taratibu au mbio, mimi nipo. Ukitaka kunieleza habari za yule mbwa, nitazisikiliza mpaka mwisho na sitabisha. Na ukitaka kunieleza uliyotaka kuniambia asubuhi ile, nitasikiliza hayo pia. Nakupenda sana, dada. Ningekuambia mapema zaidi.

Mpe shemeji salamu zangu, na wapwa uwabusu mmoja mmoja, yule kizee umbusu mara mbili. Mama usimweleze kitu kwanza, mpaka tuonane mimi na wewe. Mke wangu anakusalimu na anauliza kama utakubali akuletee sufuria ndogo.

Ni mimi mdogo wako,
Bwana Kesho, lakini Jumamosi hii nakuja.