Palipoandikwa Kicheko

Jumanne, 5 Machi

Kazi yangu ni kusikiliza kanda za bungeni na kuchapa kila kilichosemwa. Siku nyingi ni usingizi mtupu. Leo sivyo.

Mheshimiwa mmoja mwanamama tunayemwita Mwalimu — alifundisha miaka ishirini — alikuwa anatetea mswada wake: maji ya bomba kila chumba cha kujifungulia. Wanaume wamekaa mle miaka nenda rudi, hawakuliona hilo. Yeye kaingia juzi tu. Nikamkumbuka dada yangu, alivyojifungua kwa ndoo ya maji tuliyombebea wenyewe. Nilitabasamu nikichapa.

Mara, chini ya sauti yake, sauti ya mwanamume. Kipaza sauti chake kilibaki wazi! Anamwambia jirani yake kwamba huyu mama akisimama tena Alhamisi hafiki nyumbani, njia anayopita inajulikana.

Nimerudia mara tano. Ni yule wa safu ya mbele mwenye kikohozi.

Jumatano, 6 Machi

Nimempelekea bosi. Kasikiliza, kavua hedifoni taratibu. Kaniuliza wanangu wanasoma shule gani. Anaijua fika! Wa kwake wanasoma hapohapo. Kisha kasema pale penye sauti ile niandike (Kicheko), yaishe.

Nimeandika.

Kanda kaichukua. Hajui nina nakala kwenye flashi. Chakula hakishuki. Mume wangu anauliza, nasema tumbo. Tumbo gani — naogopa.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu anasimama saa tisa. Flashi nimeificha kwenye sidiria.

Saa nane u nusu. Kaja mwenyewe ofisini kuhakiki hotuba yake ya Jumanne, kalamu nyekundu mkononi. Ualimu haumtoki. Kaweka kidole palepale. Kauliza kwa upole nani alicheka, maana yeye alikuwepo na ukumbi ulikuwa kimya.

Bosi akanitazama. Nikasema tumbo, nikakimbilia chooni na daftari hili. Nimejifungia.

Pamebishwa. Nikajua bosi. Kumbe Mwalimu. Ananipa pole kupitia mlangoni, anasema nichemshe tangawizi. Hilo la kicheko lisinisumbue, atanipitia kesho tuliangalie vizuri.

Kesho.

Viatu vyake vinaondoka, ko, ko, ko. Kikohozi kile nacho nakisikia huko mwisho wa korido. Flashi nimeitoa kifuani, imelowa jasho. Kitasa nimekishika —