Sabuni ya Mama na Bati la Alumini

Gmünd, 14 Februari 1949
Leo ni miaka minne na miezi minne tangu niondoke Feuerbach.

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila vidole tu. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Bado unalala jikoni?

Uliuliza tunafanya nini huku milimani. Tunatengeneza magari ya mbio, Baba, ndani ya banda lililokuwa la kupasulia mbao. Usicheke. Mashine za kukandamiza bati hatuna. Kila bodi tunaigonga kwa mkono juu ya umbo la mbao, kama wewe na masufuria yako.

Shida yangu ni pua ya gari. Alumini ukiigonga sana inakuwa ngumu, kisha inapasuka. Kwa hiyo naipasha moto ilainike, nangoja iwe nyekundu kama ulivyonifundisha kwenye chuma. Haiwi nyekundu! Inakaa nyeupe vilevile, halafu ghafla inadondoka kama siagi. Nimeshaharibu mabamba mawili, na bati lenyewe ni adimu. Obweger, msimamizi wetu, ananipigia kelele mbele ya watu kwa jina wanalotuitia sisi wa huko kwetu: "We Mswabi, wenzako wanatengeneza gari, wewe unapika uji! Ukiharibu la tatu, chukua kofia yako uende."

Nikifukuzwa hapa sina pa kwenda, na kazi hii naipenda kuliko zote nilizowahi kufanya. Nifanyeje?

Mwanao,
Wendelin


Feuerbach, 3 Machi 1949

Mwanangu Wendelin,

Barua yako imefika. Kifua kinakoroma, lakini jana nimegombana na jirani hadi akafunga dirisha, kwa hiyo sijafa.

Kichwa chako ni kigumu kuliko hiyo alumini. Nilikufundisha chuma tu. Hukungoja nifike kwenye mengine. Alumini haikuonyi kwa rangi. Paka sabuni kavu juu ya bati, kisha pasha polepole, moto usitulie mahali pamoja. Sabuni ikiwa kahawia kama ganda la mkate, ondoa moto hapohapo. Ngoja ipoe, ndipo ugonge.

Najua huko sabuni ni shida. Hiki kipande nilichokufungia pamoja na barua ni cha mama yako. Alikificha kabatini kati ya mashuka tangu kabla ya vita, akisema ni cha siku njema. Siku yenyewe hakuiona, na mimi sijawahi kukigusa. Usinawie!

Niandikie kama kimefaa.

Baba yako


Gmünd, 20 Novemba 1949

Baba mpendwa,

Natumaini kifua kimetulia. Nisamehe, barua zako mbili sikuzijibu. Niliapa nisikuandikie mpaka gari litembee.

Siku niliyojaribu sabuni yako, Obweger alisimama nyuma yangu, mikono kifuani. Nilipopaka sabuni akaniuliza, "Leo unafua nguo?" Banda zima likacheka. Moto ulipogusa, harufu ya mashuka ya Mama ikapanda, Baba, kati ya utomvu na moshi. Sabuni ikawa kahawia, nikaondoa moto. Bamba lilipopoa nikaligonga, nalo likainama juu ya lile umbo kama kitambaa cha sufu. Halikupasuka popote. Hakuna aliyecheka tena.

Mwezi uliopita walilipandisha gari Katschberg, ule mlima ambako malori hupumzika mara tatu. Tulisimama kwenye kona ya juu. Kwanza tulisikia mlio tu. Kisha likatokea, dogo, jeupe, limelala chini kama mnyama anayewinda, likapita kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Pua ilikuwa mbele, Baba. Pua yangu! Obweger, aliyetaka nichukue kofia yangu niende, alivua yake, akaishika kifuani. "Mswabi," akasema, "nani alikufundisha?" Nikataja jina lako.

Sasa kazi inahamia Stuttgart, hapo jirani na wewe, na jina langu liko kwenye orodha ya wanaokwenda. Sabuni imebaki nyembamba kama ukucha. Nimeifunga kwenye leso, nitairudisha mwenyewe kati ya mashuka. Usije stesheni na kifua hicho. Washa jiko tu. Nitashuka Feuerbach Jumamosi, tarehe 17 Desemba, saa kumi jioni.

Mwanao,
Wendelin