Kibuyu cha Namnyaki

Ngaramtoni

Dada Anande, shikamoo!

Usinicheke, yule mdogo wako wa Dar sasa anaamka na jogoo na kuvaa sweta mbili! Nikifungua dirisha, Mlima Meru huo hapo. Kila asubuhi jirani yangu Namnyaki ananiletea maziwa kwenye kibuyu. Juzi nikajitia usafi, nikakisugua kwa sabuni ndani nje. Kumbe Waarusha husafisha kibuyu kwa kijiti kinachowaka, na huo moshi ndio utamu wa maziwa yao! Namnyaki alikinusa, akakunja uso, akaondoka nacho.

Nikakata majani mawili ya sale kwenye uzio, nikampelekea moja kwa mikono miwili, kama tunavyoombana msamaha kwetu Uchaggani.

“Hili la nini?” akauliza.

Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini. Leo kibuyu kimerudi kimejaa!

Dada, siku ile ya kuhama nilikutolea maneno mazito mbele ya wanao, nikaondoka bila kukuaga. Jani la pili limo humu kwenye bahasha. Likifika limekauka, lipokee hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Hope