Wimbo Unaoimbwa Usionunuliwa

Mabawa, Tanga. Jumapili, Novemba 1956.

Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri, ikakatika adhuhuri, na sasa jua linachoma kana kwamba halikuondoka. Nimekaa uani na nguo za watu nilizozishona zinakauka kambani. Leo nimemwambia hapana mtu niliyemngoja mwaka mzima.

Naandika ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba ilikuwa rahisi.

Haikuwa rahisi.

Wimbo wenyewe niliutunga miaka mitatu iliyopita, mdogo wangu Hamisa alipoolewa Wete, Pemba. Sikuutunga kwa ajili ya chama chetu cha taarabu wala kwa kutaka sifa. Tulikuwa tunamvisha. Yeye analia, mama analia, na mimi nimebana pini mdomoni nikirekebisha gauni, siwezi kulia. Nilipozitoa zile pini, maneno yakatoka nazo:

Nenda dada wangu nenda, mlango sitaufunga,
Siku moyo ukipenda, njoo tena kwetu Tanga.

Zilikuwa beti tatu fupi, na huo ndio wa kwanza. Wanawake waliokuwamo chumbani wakaudaka palepale. Wiki iliyofuata nikausikia kwenye harusi ya jirani. Kabla mwaka haujaisha, hakuna bibi harusi aliyetolewa Mabawa au Ngamiani bila kuimbiwa. Siku moja nilipeleka mapazia Raskazone, kwenye nyumba ya Mzungu mmoja, nikamkuta yaya akiuimba huku anakung'uta mashuka. Nilitamani kumwambia ni wangu. Nikaona haya, nikamkabidhi mapazia.

Mwaka jana akaja Bwana Faraji. Yeye ni wakala wa kampuni ya santuri ya Mombasa, mtu mpole, mwenye kofia safi ya kiua. Alisema wimbo unaoimbwa na mji mzima lazima uwekwe kwenye santuri. Mume wangu Athumani, anayefanya kazi gatini, alifikiri siku mbili kisha akaniruhusu. "Sauti haina uso," alisema. Tukaimba katika chumba kimoja Ngamiani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jasho linatutiririka. Mimi niliongoza. Bi Kibibi, kiongozi wa chama chetu, aliitikia pamoja na wengine.

Santuri ikaja. Haikununuliwa.

Hili sijapata kumwambia mtu. Kila nilipokwenda kununua nyuzi, nilizunguka makusudi nipite mbele ya duka la santuri. Mwanzo ilikuwa dirishani. Baadaye ikapelekwa rafu ya nyuma. Baadaye nikawa siioni kabisa. Watu wakiniuliza, nikajibu inakwenda vizuri, alhamdulillah. Mwishowe niliingia mwenyewe, nimeshusha ushungi, nikanunua moja.

Gramafoni sina.

Imo sandukuni, chini ya kanga. Wimbo ambao kila mtoto wa mtaa huu anaujua, na santuri yake imenunuliwa na aliyeuimba.

Basi Alhamisi Bwana Faraji akarudi. Tulikutana nyumbani kwa Bi Kibibi, wanachama wote. Alikunywa chai yake taratibu, kisha akatueleza bila kutuficha. Alisema amekwenda Mombasa, Pangani, hata Unguja. Kote wimbo unajulikana. Kote santuri imekaa.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Gramafoni ni za nani, Bi Rukia? Za wenye hoteli za chai, na za wanaume wachache wenye kazi nzuri. Mwanamume akikaa kunywa chai anataka kusikia habari za mpenzi wake. Hataki kukumbushwa dada yake anavyotolewa nyumbani. Na wanawake wanaoupenda huo wimbo hawanunui, kwa sababu wanao tayari midomoni."

Nilimchukia kwa dakika moja, kisha nikaona anasema kweli.

Halafu akatoa lile alilojia. Yuko mwimbaji mmoja wa kiume Mombasa, mwenye sauti ya kupendwa. Atauimba upya kwa kodiani na gita. Yatabadilishwa maneno machache tu. "Dada wangu" iwe "muhibu wangu." Tanga iondolewe, ili kila mji ujione. Kampuni nayo, kwa hisani hiyo, itarekodi nyimbo mbili mpya za chama chetu.

Mbili hizo ni za Bi Kibibi.

Lazima nieleze hapa, maana ndipo penye mwiba. Bi Kibibi amenifundisha kuimba tangu sijavunja ungo. Ametunga nyimbo kwa miaka mingi, na hakuna hata moja iliyovuka mtaa. Si kwamba ni mbaya. Ni ndefu, ni za mafumbo, na yeye hapendi kumfundisha mtu kwa kuogopa zitaharibiwa. Mwaka jana, kwenye kile chumba cha mablanketi, aliitikia tu. Aliposikia habari ya nyimbo mbili alishika kiti. Nilimwona.

Wote wakanigeukia mimi. Maneno ni yangu, na Bwana Faraji hakutaka kuyabadilisha bila ridhaa yangu. Nikaomba nipewe hadi Jumapili.

Nikiri yote: nilitaka kukubali. Na haikuwa kwa ajili ya Bi Kibibi peke yake. Nilitaka nipite mbele ya hoteli nisikie wimbo wangu unatoka ndani, hata kwa sauti ya mtu mwingine, hata ukiwa umevalishwa nguo za wenyewe.

Jana nilikuwa na safari. Nilikuwa nimeshona nguo za bibi harusi wa Mkinga, nikapanda gari la Horohoro nizipeleke, nikashuka njiani na kumalizia kwa miguu. Kule hakuna anijuaye. Kwao mimi ni fundi tu, mwanamke wa mjini aliyekuja na furushi la nguo na pini zake.

Nilipokuwa nambana kiuno bibi harusi, wanawake wakaanza kuimba. Wimbo wangu. Kiswahili chao kina Kidigo ndani, na sauti yao nzito kuliko yetu, lakini ndio wenyewe. Nikaitikia kwa furaha. Tulipofika "njoo tena kwetu Tanga," shangazi wa bibi harusi, mama mmoja mnene mwenye hina hadi viwiko, akanigusa bega.

"Fundi, hapo umekosea. Si Tanga. Ni Mkinga."

"Mimi nimezoea Tanga," nikasema.

"Huko mjini mnauharibu. Sema Mkinga."

Masikio yangu ya utunzi yaliumia, maana Mkinga inazidisha mizani moja. Lakini wao wameimeza ile silabi kooni, wanasema "kwetu 'Kinga," na mstari unakaa sawa kabisa. Nikasema Mkinga. Yule mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Ubeti wa tatu ulipokwisha, mimi nikanyamaza kwa kuwa ndio mwisho. Wao hawakunyamaza. Wakaimba wa nne:

Mama apika chakula, cha watu walo wawili,
Na mmoja hatakula, sahani zingali mbili.

Mama wa bibi harusi alikuwa mlangoni. Alijifunika uso kwa kanga, akakaa chini palepale alipo.

Kwanza niliona wivu. Sitaandika uongo kwenye daftari langu mwenyewe. Ule ubeti ni bora kuliko zote tatu nilizotunga mimi. Nilimkumbuka mama yangu wiki ile Hamisa alipoondoka, akipakua wali kwenye sahani ya pili, kisha akiusimamisha mkono hewani. Nililiona hilo kwa macho yangu na sikulitia katika wimbo. Mtu mwingine, mahali pengine, ndiye aliyelitia.

"Nani ametunga huo wa mwisho?" nikamuuliza shangazi.

"Huo? Umo tu. Labda ulitoka Moa, labda hukuhuku. Binti wa watu akiondoka, kila nyumba ina lake la kusema."

"Na hizo za mbele?"

"Nazo zimo tu," akasema. "Kaza hapo mkononi, fundi, pamelegea."

Nikakaza. Pini zilikuwa mdomoni tena, na safari hii nililia nazo.

Njiani kurudi nilikuwa nimeshaamua, ila moyo ulikuwa bado unatafuta pa kutorokea. Naombwa ridhaa ya kitu ambacho si changu peke yangu. Watu nisiowajua wameuchukua, wakaurefusha, wakaupa jina la kwao. Ningewezaje kumkabidhi Bwana Faraji, ambaye ataugandisha kwenye santuri na kumwambia yule shangazi wa Mkinga kwamba sasa ni "muhibu"? Mtu aliye mbele yako unaweza kumgusa bega ukamwambia amekosea. Santuri haina bega.

Leo baada ya adhuhuri nikaenda kwa Bi Kibibi. Bwana Faraji alikuwa keshafika, na karatasi yake iko mezani. Nikamwamkia Bi Kibibi, "Shikamoo," akaitika "Marahaba mwanangu" kwa sauti laini ambayo sijaisikia kwake siku nyingi. Hiyo ndiyo iliyonitesa zaidi ya yote yaliyofuata.

Nikasema hapana. Nikaeleza ya Mkinga, nikauimba ule ubeti wa nne wausikie. Bi Asha, mpiga dufu wetu, alifuta macho. Bi Kibibi alitazama sakafu.

Bwana Faraji hakukasirika. Alikunja karatasi, akaipigapiga gotini.

"Bi Rukia, nakwambia kwa nia njema. Wimbo huu hauna ukuta. Tukitaka, tutauchukua bila karatasi."

"Uchukueni," nikasema. "Lakini kila mwanamke atakayeusikia, kutoka Pangani hadi Vanga, atajua mmekosea. Na atawaambia wanaume wake nyumbani."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeshindwa katika karata na hana kinyongo. "Hilo ni kweli. Mke wangu mwenyewe huuimba."

"Ulimpelekea santuri?"

"Ya nini?" akasema. "Anao."

Nadhani hapo ndipo sote wawili tulipofahamu. Mwaka mzima nimeona aibu kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwa na aibu ndani yake. Nilikuwa nautafuta wimbo wangu dirishani mwa duka, nao ulikuwa umeshanipita, uko Mkinga unaongeza beti.

Akaaga. Gari lake la Mombasa linaondoka kesho, na zile nyimbo mbili hatazirekodi. Alisema wazi, bila kuzunguka, nami sikumlaumu. Ana wakubwa wake.

Bi Kibibi akanyanyuka. Akafunga ushungi, akaingia chumbani kwake. Hakunitukana. Alisema neno moja tu, akiwa amenipa mgongo: "Wewe umeshasikika." Kisha pazia likaanguka nyuma yake.

Bi Asha alinisindikiza hadi barabarani. Akaniambia nimpe Bi Kibibi siku chache, apoe. Nilimwitikia. Lakini nimekaa hapa tangu nirudi, nguo zimekauka na sijazianua, na naona kwamba siku chache sizitoi.

Maana amesema kweli. Mimi nimesikika. Yeye hajasikika, na leo nimemfungia njia aliyoitamani maisha yake yote. Sijutii kusema hapana. Ningeulizwa tena ningejibu hivyohivyo. Ila mtu hawezi kusema hapana ya namna hiyo kisha akaenda zake kushona kola.

Basi nitafanya hivi. Zile nyimbo mbili nazijua nusunusu, kwa kuzisikia nyuma ya ukuta alipokuwa akijiimbia. Nitazijifunza zote, neno kwa neno, nimlazimishe anifundishe. Ijumaa ijayo kuna harusi Ngamiani, nami nimeombwa niimbe. Nitaimba wimbo wake kwanza. Nitawaambia wanawake jina la aliyeutunga, na nitaurudia hadi wauitikie. Kisha ndugu wa yule aliyemwoa binti wa Mkinga anaoa hukohuko mwezi ujao, na nguo nashona mimi. Nitaupeleka na huko, pamoja na pini. Wakiukata, waukate. Wakiuongezea, heri.

Nikimweleza hivi atakataa. Atasema nyimbo zake si za kuchezewa na kila mwenye mdomo. Amesema hivyo miaka yote, na miaka yote nimekubali kwa heshima. Kesho sikubali.

Nitakwenda asubuhi, kabla sijagusa cherehani. Asipotaka kusema nami, nitakaa barazani kwake nianze kuimba ule wa kwanza kwa sauti ya kufika jikoni, na kila mstari wa pili nitaukosea makusudi. Namjua Bi Kibibi. Atavumilia ubeti mmoja, pengine miwili. Wa tatu atatoka anisahihishe.