Mkono Ulioiweka Picha ya Mama

Dada Rukia,

Kwa desturi ningeanza kwa kukuuliza hali, na watoto, na hilo goti lako. Leo sikuulizi. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu ulinisema mbele ya watu.

Bado naikumbuka Meksiko yetu, na ndiyo inayoniuma. Mama alikuwa keshatuacha, nasi tukaomba likizo kazini, wewe hospitali, mimi kwenye makao ya wazee ninaowatunza, tukenda. Sokoni Oaxaca ulimkuta mwanamke anauza embe mbichi zilizopakwa chumvi na pilipili, ukasimama unalia kama mtoto. "Mwanaidi, kumbe hawa watu wetu." Nilikucheka mpaka mbavu zikauma. Tulikunywa maji ya ukwaju. Kwenye basi ulibishana bei na muuza karanga kwa Kiswahili kitupu, yeye anajibu Kihispania, na mwisho mkafahamiana.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya Bibi Lupe. Ulikuwa msimu wao wa kuwakumbuka wafu, kila nyumba imeandaa meza: maua ya manjano, mishumaa, vyakula walivyovipenda marehemu, na picha zao. Bibi Lupe akatuuliza kwa ishara kama nasi tuna mtu wetu. Mimi niliguna. Nilikwambia, "Dada, haya si yetu."

Wewe ndiye uliyefungua mkoba ukaitoa picha ya mama, ile aliyopigwa akiwa na buibui lake la kamba. Ukasema, "Acha zako. Hatuombi kitu hapa. Mwenye nyumba katukaribisha, tumkatae? Mama mwenyewe alikuwa mtu wa wageni." Ukaiweka kwa mkono wako. Ukachemsha chai ya iliki ukamtilia mama kikombe, tukalia pamoja. Picha ilikaa upande, ukaniambia niinyooshe. Nikainama, nawe ukanipiga picha.

Hiyo ndiyo uliyoitia kwenye grupu la familia, pamoja na za embe na za basi. Naamini hukukusudia ubaya hapo. Lakini Mjomba Haji alituma sauti yake kutoka Unguja: "Nani huyo anayeisujudia picha ya dada yangu?" Ulikuwa umekaa kitanda cha pili, nakuona unaandika. Wallahi nilidhani unanitetea. Ukaandika: "Mwanaidi huyo, Mjomba. Nilimkataza, hakusikia."

Nilikutazama, wewe ukatazama dirishani. "Mjomba ana presha," ukasema. "Wewe mdogo, watakusamehe upesi. Yatapoa."

Hayakupoa. Hitima ya mama, ambayo tangu azikwe ilikuwa ikisomwa kwangu hapa ughaibuni, Tooting, kila mwaka, imehamishiwa kwako. Juzuu za msahafu umewagawia watu wote, mpaka jirani yako ambaye mama hakuwahi kumjua, mimi hukunipa hata moja. Ukanipigia simu kwa sauti ya upole: "Usije kwanza, watu watasema." Watu gani, Rukia? Wanayoyasema watu wameyatoa kinywani mwako.

Siku hiyo nilisoma Yasin peke yangu sebuleni. Nilipika pilau kwa mazoea, sufuria lile kubwa, hakuna wa kulila. Mwanangu Zuhura, unamjua, Kiswahili anakisikia tu, akaniuliza kwa Kizungu kwa nini hatuendi kwako, kwa khaloo wake. Nikamwambia kuna mafua. Kwa hiyo na mimi nimeanza kusema uongo kwa ajili yako.

Mjomba simlaumu, yeye kaambiwa na mtu anayemwamini. Hasira zangu ni juu yako. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe nimelala nawe kitanda kimoja utoto wetu mzima. Nilichokitaka ni maneno mawili kwenye grupu lile lile: "Ni mimi." Nimeyangoja. Kila Ijumaa unatuma dua yenye picha ya mawaridi, na wote wanakuitikia amina.

Sasa sikuombi tena. Mama umeshanichukulia, kaa naye. Ila nikitangulia mimi, hitima yangu usije. Na watu wakikuuliza kwa nini dada mtu hayupo, safari hii waambie kweli.

Wa tumbo moja nawe,
Mdogo wako